Ukurasa wa Kumi na Nne

Mwaka juzi nililipiga picha tangi la Gongoni,
kijani, rangi ya chama cha mheshimiwa.
Kampuni ya chumvi ilikuwa inangoja leseni,
nami nikaandika: "Lita elfu kumi za upendo kwa jamii."
Lita nilizitoa kwenye risiti.
Tangi lenyewe, nilipoligonga, liliitika kama ngoma.

Kisha mheshimiwa akahama chama.
Wiki ile ile wakaja mafundi wawili kutoka Malindi mjini
na ndoo sita za rangi ya zambarau.
Kahaso Chengo akawapisha njia, dumu mkononi,
akauliza kama ndoo hizo zina maji.

Ripoti ya mwaka huu ni ya karatasi nzito, inanukia.
Meneja aliipitia rasimu yangu kwa kalamu nyekundu:
"kisima kimeingia chumvi" ikawa "changamoto za tabianchi",
"wamelalamika" ikawa "wameshirikishwa".
Diwani wa upinzani, yule aliyeuliza bomba liko wapi,
hakubadilishiwa neno. Alifutwa aya nzima.

Ukurasa wa kumi na nne, kwenye jedwali:
tangi la kijani, moja.
Tangi la zambarau, moja.
Jumla, mawili.

Nimempelekea Kahaso nakala, maana picha ni yake.
Akasoma polepole, midomo ikitembea,
akainua macho kulitazama lile moja,
limechubuka ubavuni, kijani kinachungulia.
"La pili mmelificha wapi?"

Mshahara wangu ulikuwa umeingia asubuhi.
Dumu lilikuwa tupu.
Nikamtwika.