Themanini

Fundi Chilongola alifunua boneti kama anafunua kawa,
akainama, akanusa, akasema, "Haijaguswa hii."
Kisha akaniuliza kama mume wangu anajua.

Gari la baba, nikamwambia. Mume sina.
Cresta ya mwaka tisini na sita, nyeupe iliyochuja
ikawa rangi ya chai ya maziwa iliyopoa,
na baba hakuivusha themanini hata siku moja.
"Themanini," alisema, "ni mwisho wa adabu.
Zaidi ya hapo unamfuata Ziraili, naye hajakuita."
Barabara ya Morogoro ilimpita yote:
malori, bajaji, siku moja hata gari la taka la manispaa,
naye anawasha indiketa ya kushoto, anawapisha,
ananyoosha mkono dirishani
kama mwenye nyumba anayekaribisha wageni.

Konokono tulilipata Gerezani,
chuma kilichoviringika, kimefungwa gazeti la Kiarabu.
Muuzaji akalipuliza kwa mdomo. Feni ikazunguka.
Akanyamaza, na feni bado inazunguka.
"Umeona? Halina koo bovu."
Laki tisa. Tukabishana mpaka laki saba na soda mbili.
Ilikuwa hela ya mchezo, zamu yangu ya Machi;
nyumbani wanajua ni ya vigae.

Chilongola alinieleza kwa vidole vyenye grisi:
moshi uliokwisha kazi, ulio njiani kutupwa,
unakatishwa hapa, unazungusha feni;
feni pacha inavuta hewa mpya,
inaishindilia kifuani mwa injini.
"Gari linasukumwa na pumzi ambayo limekwisha kuitoa."
Nikatazama pembeni, kwenye rundo la matairi.
Wodini kule Muhimbili mtungi ulikuwa mrefu kuliko kitanda,
na pumzi aliyotoa baba alfajiri ile
ilikwenda zake dirishani, haikuzungusha kitu.

Wiki tatu. Gasketi ya kwanza ikapasuka, ya pili ikakubali.
Mpira wa hewa ulikatwa mara mbili
kwa sababu kijana wake, Msumi, alipima kwa jicho.

Viti nilivifungua mwenyewe.
Nati nne, kutu, mafuta ya taa, spana namba kumi na nne.
Chini ya cha dereva: risiti ya lita kumi, Buguruni,
na kifungo cha kijani; shati lake silijui.
Sponji lilikuwa limebonyea upande wa mlango.
Miaka yote ile aliendesha ameegama
kama anayemsikiliza mtu aliye nje.

Viti vipya ni vyekundu, vina mbawa,
vinakubana mbavu kama shangazi wa Pangani siku ya arusi.
Cha zamani kilikwenda Tabata kwa guta, shilingi elfu nane.
Mama hakusema neno. Alikitegemeza barazani kwa matofali,
sasa anakaa hapo kuchambua kunde,
na baada ya adhuhuri anavuta kile kipini cha pembeni,
analala chali na miwani yake.

Jumapili, saa tano usiku, akatoka na khanga begani.
Kuingia kulimchukua muda. "Kiti gani hiki, kina mikono?"
Tukavuka daraja la Kigamboni, tukalipa, tukaishika ya Kibada.
Nikakanyaga.
Kwanza hakuna, kimya,
kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kujibu tusi.
Kisha mluzi mwembamba, na nguzo za taa
zikaanza kutukimbilia.
Mama akashika mkanda kwa mikono miwili.
Sitini. Sabini na tano.
Mshale ukaigusa themanini, ukaipita,
nami, barabara tupu mbele na nyuma,
nikawasha indiketa ya kushoto.

Tik, tik, tik.

"Angeshuka," akasema mama nilipopunguza,
sauti yake haijarudi yote.
Akaitengeneza khanga.
"Rudia."