Taa ya Ghalani

Kabla ya kutoka naandika, kwa penseli:
*Napita kinamasini, nazunguka kilima cha Honkavaara,
narudi kwa njia ya mto. Saa tisa.*
Karatasi naibana chini ya bakuli la sukari,
ingawa nyumba haina msomaji
tangu tulipomzika Oiva.

Msomaji wangu yuko ng'ambo ya ziwa.
Hasomi karatasi, husoma taa.
Tauno. Hatujasemezana mwaka wa kumi na moja huu
kwa ajili ya misonobari minne
aliyoiangusha upande wangu wa mpaka,
au wake; mahakama ya Kajaani ilichoka kabla yetu.
Dukani hunipa kisogo mbele ya mizani ya viazi.
Lakini nikirudi salama nawasha taa ya ghalani,
naye huzima yake ya barazani, akaiwasha tena.
Basi. Ndiyo maongezi yetu, Novemba hadi Aprili.

Mkobani: kiberiti ndani ya kopo la kahawa,
filimbi, kamba, soksi kavu,
mkate mweusi, chai kwenye themosi.
Simu naiatamia kifuani kama yai,
kwani betri nayo hufa kwa baridi.
Vijana wa kijiji huniuliza, "Bibi, unahama?"
Nacheka nao.

Siku ile theluji ilikuwa ya usiku huohuo,
nyepesi, haijakanyagwa hata na sungura,
na mkono wa kushoto ulifunguka uwazi
kati ya mibetula, mteremko mrefu, laini,
ambao sikuwahi kuupita.
Karatasi ilisema kinamasi.
Miguu ikasema vingine.
Ah, nilivyoteleza! Miaka sabini na miwili
ikabaki nyuma na kofia yangu.

Kijito sikukiona. Kilikuwa kimejifunika gubigubi.
Hakikunimeza, kilinionja tu,
mguu wa kulia, hadi gotini,
na skii ikalia *ka!* kama ukuni.

Soksi nilibadili. Hilo nililiweza.
Njiti tatu za kwanza zilinidondoka thelujini,
ya nne ikashika ganda la mbetula,
moto mdogo, wa kuotea vidole tu.
Simu ilinionyesha saa tisa kasoro robo,
ikanionyesha hakuna mtandao, ikazimika.
Nikapuliza filimbi mara tatu,
nikahesabu hadi mia, nikapuliza tena.
Msitu haukuwa na kisa nami.
Misonobari ilisimama tu,
mmoja ukadondosha mzigo wake wa theluji, *puu*,
nikageuka nikidhani ni mtu.
Giza likaja pasipo kupitia jioni.

Na aibu, kuliko baridi:
kwamba atakwenda kinamasini,
mzee wa miaka sabini na tisa, mwenye nyonga ya chuma,
akinitafuta mahali nilipoandika.

Alikwenda. Akakuta kinamasi kitupu,
akarudi hadi mlangoni pangu, akaanza upya
kwa kufuata mistari miwili ya skii,
ambayo haikujua kusema uongo.
Nikaona kwanza taa ya kichwani ikiyumba,
kisha sleji, kisha ndevu zilizoganda.

"Uliandika kinamasi," akasema.
Neno lake la kwanza tangu kesi.
"Theluji ilikuwa nzuri," nikasema.
Akafikiri.
"Nzuri kweli," akasema, akanifunga blanketi.

Alinipeleka kwake, kulikokuwa karibu.
Nikaketi kwenye kiti kilicho dirishani,
kiti kimoja, mto wake umebonyea
kwa mkao wa mtu mmoja, jioni nyingi.
Ng'ambo ya ziwa palikuwa na ghala langu.
Sikulijua. Lilikuwa sehemu ya giza
iliyo nyeusi kidogo kuliko giza lingine.

Akachochea jiko. Kuni zilikuwa za msonobari,
kavu sana, za miaka mingi,
zikashika mara moja, zikanukia utomvu.
Sikuuliza zilikatwa upande upi.