Ada ya Mlango Namba 102

Kila tarehe mosi, kabla sijanunua mkate,
dola mia tatu na kumi na mbili zinanitoka.
Nyumba ni yangu. Mkopo wa benki nimeumaliza,
hati iko kabatini, chini ya mashuka.
Sasa hizi ni za nini?

Miaka kumi na minne nimeuliza hivyo
kwa sauti ya kusikika hadi ghorofa ya tano.
Hapa Duluth theluji hulala miezi mitano;
mnanitoza majani nisiyoyaona, nikasema,
mnanitoza lifti nami nakaa chini,
mnanitoza paa, na juu yangu kuna dari za watu wanne.

Kila bodi ilipotaka kuongeza hata dola tisa,
mkono wangu ulikuwa wa kwanza hewani.
Leland, Mungu amrehemu, alinipigia makofi.
Na bodi, kwa kupenda kupendwa, ikatii.
Tuliuona ufa.
Tukaupigia kura.

Machi hii, theluji ilipoanza kulainika,
maji yaliingia kwa Gunvor Aasen, juu kabisa,
yakapita kwa akina Vang wenye mtoto mchanga,
yakashuka ndani ya ukuta polepole,
kama mgeni anayeogopa kuamsha watu,
yakatokea kwangu, nyuma ya jokofu.
Maji hayasomi namba za milango.

Tulikutana chumba cha kufulia,
mashine moja ikiendelea kuzungusha soksi za mtu.
Arvid Tollefson, mweka hazina,
aliyehesabu mabehewa ya madini ya chuma miaka thelathini,
akatandaza karatasi kwenye meza ya kukunjia nguo.
Hakuhubiri. Alisoma tu.
Bima, hii. Kuzoa theluji, hii. Boila, hii.
Akiba ya paa...
akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.
Katika kila dola iliyotupasa kuweka,
tulikuwa na senti kumi na tisa.
Kila mlango, elfu sita na mia nne.

Nikatafuta wa kumlaumu.
Nikakuta jina langu kwenye muhtasari wa zamani:
*Pendekezo limekataliwa. Aliyetoa hoja: 102.*

Sikulia. Niliomba faili.
Siku tatu nikasoma mikataba, kalamu nyekundu mkononi,
nikagundua tunalipia bima ya bembea
iliyong'olewa watoto wa Gunvor wakiwa bado shule;
nikagundua mzoa theluji anatutoza kuanzia inchi moja,
na jengo la ng'ambo ya barabara anawaanzia mbili.
Nikampigia simu. Akaeleza. Nikanyamaza.
Akaeleza tena. Nikanyamaza zaidi.
Tukaafikiana mbili.

Si nyingi. Haziezeki paa.
Lakini Arvid alikokotoa, akapata upenyo:
Gunvor atalipa kidogo kidogo, miezi thelathini,
wala hatauza.

Sasa ada ni mia tatu tisini na nane.
Bado naguna; kuguna hakuna ada.
Ila kwenye hundi, chini kushoto,
pale pa kuandika *kwa ajili ya*,
ambapo miaka yote nilipaacha wazi kwa hasira,
leo nimeandika:
paa langu,
lililo juu ya kitanda cha Gunvor.