Isale Getini

Mama Anasiria wa Kibosho, kitanda cha nne,
hajawahi kuuona mdomo wangu.
Ananijua kwa macho, kwa mburuzo wa kandambili,
na kwa ninavyoutafuta mshipa.
"Wewe ndiye yule wa polepole," husema.
"Wa jana alinichoma kama anashona gunia."

Dawa nyekundu inashuka, tone, tone.
Ulimi, anasema, umegeuka msumari,
hata mtori una ladha ya kutu.
Jumanne nywele zilibaki kwenye mto;
akazikusanya, akazifunga kwenye karatasi,
akaniuliza: "Hizi nazo mnachoma?"

Nje kuna ndoo yenye koki, na mlinzi
anayeelekeza kipimajoto kwenye mapaji ya watu
kama mtu anayeomba radhi.
Hotipoti zinaingia. Wenye hotipoti wanabaki.
Nasi huku ndani tunapungua:
Sista Ndeonansia yuko kwake Rau, anajifukiza,
mchaichai, malimao, blanketi kichwani,
na zamu yake ninayo mimi.
Uvimbe haukusoma tangazo la ukutani.
Haukukaa mita moja.

Alhamisi alikuja Eliaichi, mdogo wake.
Miaka kumi na moja hawasemeshani
kwa ajili ya hatua tatu za kihamba
na migomba miwili, mmoja wenyewe ulishaoza.
Akapenyeza mkono kwenye nondo za geti:
jani la isale, limepigwa fundo.
"Mpe. Atajua."

Utaratibu ni utaratibu.
Nikalifuta kwa spiriti, juu, chini,
nikapitisha pamba kwenye fundo bila kulifungua,
nikaona haya,
kama ninayepangusa machozi ya mtu kwa dekio.

Alilipokea kwa mikono miwili.
Akashusha barakoa (sikumkemea)
akanusa.
"Linanuka hospitali!"
Akacheka mpaka mpira wa dripu ukatikisika.
Halafu akanyamaza, muda mrefu,
mimi nikijifanya nahesabu matone.

"Kamwambie mpaka usogee.
Uje kwangu, uende kwake, usogee tu.
Na mtori kesho asitie chumvi."

Alikuwa ng'ambo ya barabara, amekalia jiwe.
Neno kama hilo husemwa kwa kunong'ona,
jikoni, moto ukiwa umefifia.
Mimi nililipigia kelele kupitia vitambaa viwili,
bodaboda zikipita katikati yetu.

"Unasemaje, sista?"

Nikarudia.
Mara ya tatu
ndipo akavua kofia.