Herufi Sita

Mimi nalipwa kwa herufi.
Faranga elfu mbili kila moja, rangi juu yangu,
nukta bure.
Ndiyo maana nampenda marehemu Van den Bossche:
jina lake ni unga wa mwezi mzima.
Leroy, aliyelala kando yake, ni chumvi tu.

Herufi zao za kwanza zilikuwa za shaba.
Mwaka ule kiwanda kilipokata mishahara
watu waliingia usiku na patasi na gunia,
wakazing'oa moja moja, wakaziuza kwa kilo.
Sitaji mtu. Wote tulikula.
Vimebaki vitundu kwenye mawe, viwili viwili,
kama alama ya meno ya nyoka,
nami navifuata kwa brashi.

Nilimuuliza Sista Godeliva, kabla hajarudishwa kwao:
majina haya yanasema nini?
Akavaa miwani, akanifasiria daftari zima.
Timmermans, seremala.
Mulder, wa kinu, msaga nafaka.
Janssens, wa Yohana; Yohana yupi, hata wao hawajui.
Van den Bossche, wa kule msituni.
Wa kule msituni!
Nilicheka mpaka Sista akanitazama vibaya.
Leroy: mfalme. Nikaenda kumwangalia vizuri.
Nyasi zimemfika kifuani,
jiwe linasema alikuwa mtunza bohari.
"Na wewe, Sista?"
"De Pauw. Tausi," akasema,
akakung'uta vumbi kwenye joho lake la kijivu.

Kumbe nao walipewa majina na majirani.
Kumbe kabla ya meli, kabla ya kitabu cha kodi,
palikuwa na kijiji cha matope, na mtu akauliza,
Petro yupi?
Yule wa kinu. Yule wa darajani. Yule mfupi.
Kama kwetu Katuba,
ambako Mama Soda hajauza soda miaka ishirini
na jina limekataa kustaafu.

Wiki hii pesa imetoka Ghent,
kwa mjukuu ambaye babu yake hakumwona.
Vitundu kumi na viwili.
D, E. S, M, E, T.
Nikafungua daftari: mhunzi.

Nikaweka brashi chini.

Babu yangu aliitwa Kafula.
Kafula, kwa Kibemba, ni mhunzi.
Alikuja kwa miguu kutoka kando ya Luapula,
nyundo yake imefungwa kwenye kitambaa,
akapanga foleni kwenye kambi ya mgodi.
Karani akamuuliza jina.
Babu akalitamka mara mbili.
Kalamu haikutikisika.
Akapewa kibati chenye tundu: 4417.

Karani ndiye huyu? Sijui.
Jiwe linasema mhasibu, linasema 1951, basi,
na mimi si mtu wa kulisingizia jiwe.
Lakini inawezekana wahunzi wawili walitazamana mezani,
mmoja hajapata kushika nyundo maishani,
mwingine nyundo iko kwapani,
na hapakuwa na wa kuwaambia: amkianeni,
ninyi ni masomo.

"Bazungu benyewe balishaenda," Chola, mke wangu, ananiambia,
"weye unabakia na majina yabo."
Kweli. Na kopo lina rangi kidogo chini.

Nikaenda nalo kwenye makaburi yetu,
palipo na kipande cha bati na namba iliyopigwa kwa msumari.
Namba sikuifuta.
Juu yake nikapima nafasi kwa vidole, na kwa mazoea
nikapiga hesabu: K, A, F, U, L, A.
Herufi sita.
Faranga elfu kumi na mbili, sawasawa na yule.

Rangi iliniishia kwenye mguu wa A ya mwisho.
Nitarudi Jumamosi.