Fahali

Mama alisuka shaba.
Si ukili, si nywele: shaba,
bapa kama utepe, iliyovikwa karatasi na vanishi,
zamu ya alfajiri, kiwanda cha mota, Wrocław,
ambako theluji ya Februari huingia na viatu
na kuyeyuka chini ya benchi.

Mota sita kwa kila injini.
Ekseli sita, kila moja na moyo wake.
Wachoraji walikwisha kujifunza kwa Waingereza,
walioleta injini ya ekseli nne na vitabu vyake;
wakaisoma nati kwa nati, hadi siku moja wakasema:
sasa tunataka mnyama wetu, mzito, wa kazi zote,
avute makaa usiku, abiria mchana,
na asiuombe radhi mlima.

Tani mia na ishirini.
Volti elfu tatu zikishuka kutoka kwenye waya
kupitia mkono wa chuma unaopapasa juu
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Kijani. Uso bapa.
Madereva hawakungoja ubatizo,
walimwita Fahali, basi.

Wapo wasemao mafahali wawili hawakai zizi moja.
Hao hawajafika Karsznice.
Pale walipangana bega kwa bega kwenye ukungu,
wakinguruma kwa feni,
wakingoja behewa za Silesia, nyeusi, zisizo na mwisho,
za kupeleka baharini Gdynia.

Mjomba Hilary aliwaendesha miaka ishirini na sita.
Alituonyesha mezani, kwa kifuniko cha sufuria,
namna ya kuondoka na tani elfu mbili:
nochi moja, sikiliza.
Nochi ya pili, sikiliza.
Rezista zinapata joto, gurudumu linataka kuteleza,
unamwaga mchanga, unangoja,
behewa la mwisho bado halijui kama mmeondoka.
"Na ukiharakisha?" niliuliza.
Mama alijibu kabla yake:
"Ukiharakisha unaunguza kazi yangu."
Kila Jumapili ugomvi huohuo, juu ya supu ileile.
Yeye akihesabu dakika,
mama akihesabu koili zilizorudi zimekauka, zinanuka,
akijua kituo gani mtu alikuwa na haraka.

Walitoka zaidi ya elfu moja.
Ishirini na watatu walivuka bahari kwenda Moroko,
na mama alibandika kadi ya posta ya Casablanca
juu ya jiko, kana kwamba ana watoto huko.
Halafu migodi ikaanza kufungwa,
behewa zikapungua,
na kiwanda kikabadilisha jina mara nyingi
hata barua ya pensheni ikapotea njia.

Mwaka jana niliwakuta kwenye uwanja wa vyuma,
tisa, magugu hadi kwenye bafa.
Kijana mwenye tochi ya gesi, Cyprian,
alimfungua wa kwanza kama kopo la samaki.
Mota zilikuwa chini, zimepasuliwa,
na ndani shaba ilikuwa bado inang'aa,
imekunjwa kwa subira ambayo niliitambua,
au nilidhani niliitambua.
"Ya mama yangu," nikasema.
Cyprian akatazama mizani.
"Ya kilo mbili na robo," akasema,
akanitajia bei. Nikalipa.

Mama ana miaka themanini na nne.
Hakuvaa miwani.
Alinusa kwanza, kisha akapitisha kidole gumba
kwenye mkunjo, mara moja, kwenda tu, bila kurudi.
"Huu si mkono wangu."
Akairudisha mezani, kando ya chumvi.
"Huyu ni Leokadia. Alikuwa akikaza mno.
Nilimwambia. Siku zote nilimwambia."
Nje treni ilipita, mpya, karibu haina sauti,
na mama hakugeuka.
"Ulilipa kiasi gani?"
Nikamwambia.
"Wamekuibia," akasema,
na kidole kikaenda tena kwenye shaba ya Leokadia.