Mara Nne Yatosha

Hasmukh alitandaza kitambaa cha kijani kauntani,
akaweka darubini mbili za bunduki:
moja ya mara tisa, bei yake ikanikohoza;
nyingine ya mara nne, ina mkwaruzo ubavuni.

"Toka nje ujaribu. Bunduki iache nyumbani,
nisije nikalala selo kwa ajili ya kioo."

Nikasimama barazani, nikaielekeza Menengai.
Ile ghali ilinisogezea ukingo wote wa kreta,
mti mmoja mmoja; kisha mti ukaanza kuruka
kama mbuzi aliyekata kamba.
Nilidhani ni upepo.
Kumbe ni mkono wangu.
Ilikuza kila kitu, na mtetemo pia.

Ile ya mkwaruzo ilionyesha kidogo,
ila ilitulia.

Mimi sina vita na mtu. Jumamosi mbili kwa mwezi
nalala kifudifudi klabuni, barabara ya Njoro:
mita hamsini, karatasi yenye miduara,
na leseni niliyoisubiri miezi kumi na minne.

"Nifungie hii ya nne."
Chenji ikatosha pakiti ya risasi
na nusu kilo ya maini.

Tapnyolei akauliza, huku akikata vitunguu,
"Umeona nini humo?"
Nikamwambia: umri wangu.